Msalaba wa Limburg na Vifurushi vya Wafungwa

Mwezi huu twende pamoja mpaka nchi ya Ujerumani, tukautazame mji mmoja ulio kando ya mto. Mji wenyewe si mkubwa, wala si watu wengi wa kwetu walioupata kusikia. Jina lake ni Limburg, na mto upitao chini yake huitwa Lahn. Tutauzuru kwa ajili ya msalaba wa mawe usimamao karibu na kijiji cha jirani, na kwa ajili ya habari ya mikate, sabuni na maziwa ya kopo iliyofungamana na msalaba huo.

Msafiri atokaye katika mji mkubwa wa Frankfurt hupanda gari la moshi lielekealo kaskazini na magharibi, na baada ya mwendo wa saa moja hivi huona mbele yake kanisa kubwa juu ya mwamba. Ndilo kanisa la Mtakatifu Georgi, lililowekwa wakfu mwaka 1235. Lina minara 7, na sura yake ilijulikana hata na wale wasiofika Limburg kamwe, kwa maana ilichapwa zamani katika noti ya fedha ya Ujerumani, ile ya mark 1,000. Chini ya kanisa ziko njia nyembamba zilizopangwa mawe, na nyumba za kale zilizojengwa kwa boriti za miti zinazoonekana kwa nje.

Msafiri akiondoka mjini na kufuata mto kuelekea juu, hafiki mbali kabla ya kuona kanisa la pili, nalo pia liko juu ya jabali lililoinama juu ya maji. Mahali hapo ni Dietkirchen, kijiji cha zamani ambacho siku hizi ni sehemu ya mji wa Limburg. Kanisa lake ni la Mtakatifu Lubentius. Watu wa bonde lile husimulia kwamba Lubentius alikuwa mwalimu wa kwanza wa Injili katika nchi yao, na kwamba alipokufa maiti yake iliwekwa katika mashua, na mashua ikapanda mto yenyewe, bila kasia wala mpiga kasia, hata ikatua chini ya jabali lile. Hiyo ni hadithi ya wazee wao, nasi tunaisimulia vivyo hivyo kama wanavyoisimulia.

Baina ya mji na kijiji hicho, mwaka 1914, palijengwa mji mwingine wa mbao na seng'enge. Vita Kuu ya kwanza ilikuwa imeanza mwezi wa Agosti, na kwa muda wa majuma machache majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameteka watu wengi mno katika Ubelgiji na Ufaransa. Mabanda marefu yakasimamishwa kwa safu, walinzi wakawekwa, nao wafungwa wakaletwa kwa maelfu: Wafaransa, Warusi, na watu wa jeshi la Uingereza.

Katika hao wa jeshi la Uingereza walikuwamo Waayalandi wengi. Siku zile Ayalandi yote ilikuwa chini ya mfalme wa Uingereza, na vijana wake wengi waliandikwa katika vikosi vyenye majina ya nchi yao: Royal Munster Fusiliers, Royal Dublin Fusiliers, Connaught Rangers, Leinster Regiment na Royal Irish Regiment. Vikosi hivyo vilipata hasara kubwa mwanzoni kabisa. Tarehe 27 Agosti 1914, karibu na kijiji cha Étreux katika Ufaransa, batalioni ya pili ya Munster iliachwa nyuma kuwazuia adui ili wenzao wapate kurudi salama. Wakapigana mchana kutwa, wakazungukwa pande zote, na jioni waliosalia, watu kama 240, wakashikwa. Siku moja kabla yake watu wengi wa Connaught Rangers walikuwa wametekwa vivyo hivyo. Hao ndio waliokuja kuujua mto Lahn wasipotaka.

Sasa tueleze kwa nini Waayalandi walikusanywa mahali pamoja. Alikuwako mtu wa Ayalandi aitwaye Roger Casement. Jina hili lastahili kukumbukwa na wasomaji wetu wa Kongo, kwa kuwa ndiye aliyesafiri katika nchi yao alipokuwa konsuli wa Uingereza, akaandika taarifa iliyotolewa mwaka 1904 juu ya mateso waliyotendwa watu wa mpira chini ya Mfalme Leopold. Kwa taarifa ile dunia ilijua mambo yaliyofichwa, na watu wengi walimheshimu. Vita ilipoanza, Casement aliamini ya kuwa sasa ndiyo saa ya Ayalandi kujitwalia uhuru wake kwa msaada wa Ujerumani. Akaenda Berlin, akaomba Waayalandi wote waliotekwa wakusanywe katika kambi moja, apate kuwashawishi waunde kikosi chao cha kupigania nchi yao.

Ombi lake likakubaliwa. Tangu mwezi wa Desemba 1914 Waayalandi wakaletwa Limburg kutoka kambi nyingine, hata wakazidi 2,000. Wakaahidiwa kutendewa vizuri kuliko wengine. Kutoka Roma walikuja mapadre wawili, Padre Crotty na Padre O'Gorman, wapate kuwahudumia katika lugha yao.

Wafungwa walifanya nini? Masajenti wao walikutana, wakaandika barua kwa wakubwa wa Ujerumani. Walishukuru kwa wema uliokusudiwa, lakini wakaomba wasipewe chochote ambacho wenzao wa jeshi hawapewi, kwa kuwa wao ni Waayalandi na Wakatoliki, na pia ni askari waliokwisha kula kiapo. Casement mwenyewe alipoingia kambini kusema nao, wengi walimzomea. Mwisho wa yote, katika watu wale zaidi ya 2,000, waliokubali kuingia kikosini hawakutimia 60.

Tusiwahukumu upesi watu wa upande wowote. Wale wachache waliokubali hawakuwa wote watu wa tamaa, na wako waliopenda nchi yao kwa moyo. Na wale wengi waliokataa hawakuwa wote wapenzi wa Uingereza, kwa maana wengi wao walitumaini kwamba nchi yao itajitawala. Lakini waliona kwamba mtu mwenye njaa akiletewa shauri pamoja na chakula, ni vigumu sana kujua kama ameliitikia shauri au amekiitikia chakula. Kwa hiyo walitaka kwanza kuviweka mbali vile viwili.

Njaa haikukawia. Mkataba wa Hague wa mwaka 1907 uliagiza kwamba mateka walishwe kama askari wa nchi iliyowateka. Lakini meli za kivita za Uingereza zilikuwa zimezuia bandari, na Ujerumani yote ikapungukiwa na chakula. Katika majira ya baridi ya 1916 na 1917 hata wenyeji walikula mizizi iliyozoewa kuwa chakula cha ng'ombe. Posho ya kambini ilikuwa kipande cha mkate mweusi na supu nyepesi. Baadaye, Casement aliposhtakiwa kwa uhaini huko London mwaka 1916, baadhi ya askari waliorudishwa kutoka Limburg walitoa ushahidi, na upande wa mashtaka ukadai kwamba waliokataa kikosi walipunguziwa posho. Casement alikana kwa uchungu mbele ya mahakama, akasema ya kuwa posho ilipungua kwa watu wote katika Ujerumani kwa sababu ya kuzuiwa bandari. Alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916, na mwaka 1965 mifupa yake ikarudishwa Dublin, akazikwa kwa heshima.

Basi ndipo twafika kwenye vifurushi. Mkataba ule ule wa Hague ulikuwa na sharti jingine, dogo machoni lakini kubwa katika matendo yake: vitu vya msaada vilivyopelekwa kwa mateka visitozwe ushuru wa forodha, wala ada ya posta, wala nauli katika magari ya moshi ya serikali. Kwa sharti hilo mama maskini wa Cork au Galway, asiyeweza kununua tikiti ya kufika hata Dublin, aliweza kumpelekea mwanawe chakula katikati ya nchi ya adui bila kulipa ada ya njiani.

Kwanza kila mtu alipeleka alivyotaka. Mama alioka mkate, akaufunga kwa kitambaa, akaushona gunia na kuandika jina la mwanawe na la kambi. Kamati za vikosi zikaundwa, mabibi wa miji wakakusanya fedha kwa michezo ya muziki na kwa minada, wakanunua chai, sukari, nyama ya kopo, jamu, soksi na tumbaku. Katika kitongoji cha Stillorgan karibu na Dublin, msichana aitwaye Monica Roberts aliunda chama pamoja na rafiki zake, wakawapelekea askari wa Royal Dublin Fusiliers walioko vitani soksi, leso, sigareti na chokoleti. Barua za shukrani walizomwandikia zimewekwa mpaka leo katika maktaba ya mji wa Dublin, na kila mtu aweza kuzisoma.

Lakini ukarimu usio na utaratibu una hasara zake, na hasara hizo zilionekana mapema. Ya kwanza ilikuwa mkate. Mkate uliotoka tanuri ya nyumbani ukiwa mzuri na wenye harufu njema ulivuka bahari, ukalala bandarini, ukapakiwa tena katika mabehewa, na hasa katika miezi ya joto mfungwa alipoufungua aliuta umeota ukungu wa kijani, haufai kuliwa na mtu. Ya pili ilikuwa kutolingana. Mfungwa mwenye ndugu wengi na kamati yenye bidii alipata vifurushi kuliko awezavyo kula, na jirani yake, yatima au mtu asiyejulikana alipo, hakupata hata kimoja. Ya tatu ni kwamba serikali ya Uingereza iliogopa siri kufichwa katika vitu vilivyofungwa na watu wasiojulikana.

Kwa hiyo mwaka 1916 Msalaba Mwekundu wa Uingereza, pamoja na Shirika la Mtakatifu Yohana, ulisimamisha kamati kuu moja ya kuangalia vifurushi vya mateka wote. Tangu Desemba mwaka ule askari wa kawaida hakuweza tena kupelekewa chakula na jamaa zake moja kwa moja. Kila kitu kilipita katika mikono ya kamati kuu, au ya kamati za vikosi na maduka yaliyopewa ruhusa. Kila mfungwa aliwekewa hesabu moja: vifurushi 3 katika kila majuma 2, kila kimoja chenye uzito wa ratili 10 hivi, na pamoja navyo ratili 13 za mkate. Na mkate huo haukutoka tena Uingereza wala Ayalandi. Uliokwa katika nchi zisizokuwa vitani, huko Berne katika Uswisi na Copenhagen katika Denmark, ili njia iwe fupi nao ufike ukiwa mkate.

Agizo hilo liliwaumiza mama wengi. Jamaa walilalamika kwamba kifurushi cha kamati hakina mkono wa nyumbani. Mama aliyezoea kuweka soksi alizozifuma mwenyewe, na chini ya soksi kipande cha keki, sasa aliambiwa atoe fedha tu. Malalamiko yakasikiwa, na baadaye jamaa wa karibu wakaruhusiwa kupeleka kifurushi kimoja cha nafsi yao katika kila miezi mitatu. Lakini haikusahauliwa kwamba kwa utaratibu ule ule ambao mama huyu aliulalamikia, yatima naye alipata kula. Watu wenye uwezo waliweza kumchukua mfungwa mmoja kana kwamba ni mwana wao, wakalipa gharama ya vifurushi vyake mwezi kwa mwezi, ingawa hawakupata kumwona uso.

Tufuate njia ya kifurushi kimoja. Kilifungwa, kikaandikwa jina la askari, kikosi chake na kambi yake. Kikapakiwa melini kwenda bandari za Uholanzi, nchi isiyokuwa vitani, na toka huko kikaingia Ujerumani kwa gari la moshi. Kilipofika kambini kilifunguliwa mbele ya mlinzi, naye mara nyingi alitoboa makopo atazame kama ndani kuna barua au kitu cha kumsaidia mtu kutoroka. Ndani yake mfungwa alikuta chai, sukari, maziwa ya kopo, nyama, mafuta ya kupikia, biskuti na kipande cha sabuni, na tena kadi ndogo iliyochapwa tayari. Aliitia sahihi na kuirudisha, ili waliofunga wajue kwamba kimefika. Kwa jamaa wengine kadi ile ilikuwa habari ya kwanza katika miezi mingi kwamba mtu wao yu hai.

Hata barua hazikuwa salama baharini. Tarehe 10 Oktoba 1918, mwezi mmoja tu kabla ya vita kukoma, merikebu ya barua iitwayo Leinster iliondoka bandari iliyo karibu na Dublin kuelekea Wales, ikapigwa na meli ya Ujerumani ipitayo chini ya maji, na watu zaidi ya 500 wakafa. Ndani yake walikuwamo makarani 22 wa posta waliokuwa wakichambua barua, na katika hao alipona mmoja.

Vifurushi vilifanya mabadiliko ambayo hakuna aliyeyatazamia. Vita ilipokaribia mwisho, mfungwa aliyepata vifurushi vyake aliweza kuwa na sabuni na chai, hali mlinzi wake hana. Tena kulikuwa na huzuni nyingine ndani ya seng'enge. Warusi walikuwa wengi kambini, lakini nchi yao ilikuwa mbali na imevurugika, na vifurushi vyao vilikuwa haba sana. Waliishi kwa supu ya kambi, nao walikufa kwa wingi kuliko Waingereza na Waayalandi. Kwa hayo twaona wazi ni kiasi gani uhai wa mfungwa ulitegemea kamba ile iliyofungwa mbali na mabibi asiowajua.

Hata hivyo vifurushi havikuokoa wote. Wengine walikufa kwa majeraha waliyokuja nayo, wengine kwa maradhi. Mwaka 1917 wenzao waliwajengea karibu na Dietkirchen msalaba mrefu wa mawe kwa namna ya Ayalandi ya kale, ile yenye duara katikati, wakachonga majina ya Waayalandi 45 waliofia kambini. Fikirini kwamba watu hao walikuwa wenyewe wafungwa, wala hawakujua siku ya kwenda kwao, wakajitaabisha kusimamisha jiwe katika nchi ya ugenini. Baada ya vita mifupa ya marehemu ilihamishiwa makaburi makubwa ya Niederzwehren, karibu na mji wa Kassel. Msalaba ulibaki mahali pake, na mpaka leo mpita njia aweza kuusoma.

Katika miaka ile ile ya vita, nchi yetu nayo ilikuwa na wafungwa wake. Wamisionari Waingereza waliokuwa katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi walishikwa, na walimu Waafrika wa misheni zao wengi walifungwa pia, na Tabora ndipo walipowekwa wengi wao, mpaka askari wa Kongo ya Wabelgiji walipouingia mji ule mwezi wa Septemba 1916. Watoto wa walimu hao na wajukuu wao wakisoma habari za Limburg hawatahitaji kuelezwa sana maana ya kungoja mtu aliye nyuma ya ukuta.

Waayalandi walioishi walirudi kwao baada ya amani ya Novemba 1918, nao walikuta nchi imegeuka. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1916 watu walikuwa wameondokea serikali huko Dublin, viongozi wakapigwa risasi, na mioyo ya wengi ikageuka kabisa. Mtu aliyekataa kikosi cha Casement kwa sababu ya kiapo chake hakupokelewa kama shujaa, na kwa miaka mingi habari zake hazikusimuliwa sana, hata katika nyumba yake mwenyewe. Ni katika siku za karibu zaidi tu watu wa Ayalandi wameanza kuwakumbuka wote pamoja, waliokufa kwa njia hii na waliokufa kwa njia ile.

Ndugu walimu, na ninyi wazazi, mkiwasimulia watoto habari hii, waulizeni maswali mawili. La kwanza: kwa nini masajenti wa Limburg waliomba wasipewe wema ambao wenzao hawakupewa? La pili: kwa nini mkate wa Copenhagen ulikuwa msaada mkubwa kuliko mkate wa mama, ijapokuwa wa mama ulikandwa kwa machozi? Msiwape jibu upesi. Waacheni wafikiri, kisha waulizeni tena siku ile nyumba yenu itakapokusanya nguo na unga kwa ajili ya mtu aliye katika taabu. Watazameni kama watauliza kwanza anahitaji nini, iko njia gani ya kumfikia, na nani karibu yake amesahauliwa.